Visa ikifutwa, tufanye nini?



Mimi nilimaliza chuo, kazi sina. Muko wengi kama mimi hapa. Kila mwaka tulikuwa tunajaza bahati nasibu ya Marekani. Rafiki yangu mumoja alipata, mama yake akauza kiwanja. Kisha barua ikaja: visa imefutwa. Akajifungia nyumbani kwa haya.

Haya ya nini? Mwezi wa 4 mwaka 2025, Marekani ilifuta visa zote za paspoti ya Sudan Kusini, majirani zetu wa upande wa Aru. Sababu? Juba ilikataa kumupokea mutu mumoja aliyerudishwa, ikasema ni Mukongomani. Siku chache nyuma ikamupokea. Lakini watu ambao hata hawamujui walikuwa wamekwisha kulipa. Mwezi wa 6, Congo iliyokatazwa kuingia ilikuwa ya Brazzaville. Wangapi hapa walilia wakizani ni sisi?

Kwa hiyo, kwanza soma barua. Inataja sheria gani? Kama muhuri unasema visa imefutwa bila kukuharibia haki, unaweza kuomba tena. Kama imeondolewa kabisa, usipande ndege nayo.

Pili, kuna dosie inayofungwa juu ya kukawia. Kwa visa ya familia, ukiitwa na usifanye kitu mwaka 1, wanaifunga. Lakini ndani ya miaka 2 tangu walipokuita, unaweza kuonyesha kwamba kizuizi hakikutoka kwako, na wanaifungua. Bahati nasibu haina huruma hiyo: tarehe 30 Septemba inakwisha.

Ambasade iko Kinshasa, na sisi tuko chini ya état de siège tangu tarehe 6 Mei 2021. Vita ni sababu ya kweli, lakini bila karatasi ni maneno tu. Tunza tiketi, tunza barua ya chef de quartier, tunza kila imeile.

Tatu, anayekuomba dola ili "afungue" visa ni mwizi. Serikali ya Marekani peke yake ndiyo inaamua.

Na serikali yetu? Tunadai iulize kwa maandishi kila Mukongomani anapofutiwa visa bila kuelezwa. Paspoti tumeilipa, ituteteeko basi.

Mwenye barua, asijifungie. Aje nayo, tuisome pamoja.