Mpira Unaopinda Njiani

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Katumba Songwe)



Wengi wenu mmeniona jioni nikipiga mpira peke yangu katika shamba lililovunwa mpunga. Mmecheka sana. Mzee mmoja aliniuliza kama siku hizi serikali inalipa mshahara wa kukimbiza mpira. Leo nitamjibu.

Mwaka jana tulicheza na kijiji cha jirani. Tukapata adhabu ndogo karibu na goli lao. Nikajitokeza kupiga, maana mimi ndiye mwalimu. Mpira ukagonga ukuta wa wachezaji. Mara ya pili, ukuta tena. Mara ya tatu ukaingia kwenye mikakao. Tulifungwa bao moja bila. Tangu siku hiyo vijana wakaniita Mwalimu Ukuta. Jina hilo likaingia mpaka darasani, na mwalimu akichekwa darasani kazi haiendi. Basi nikaamua kujifunza kuchonga mpira.

Kuchonga ni kuupiga mpira uzunguke kama pia, ili njia yake ipinde. Unapita kando ya ukuta kisha unarudi golini. Vijana wanauita mpira wa ndizi, na umbo la ndizi nani hapa halijui?

Siyo dawa. Nasema hivyo kwa sababu yapo maneno. Mpira unaozunguka huburuta hewa iliyo karibu nao. Upande mmoja hewa inakwenda mbio, upande mwingine inakawia. Mwisho hewa inatupwa upande huu, mpira unasukumwa upande ule. Hewa ikiwa nzito, mpira unapinda zaidi. Ziwa letu la Nyasa liko kama meta 475 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko kama meta 1,700, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo mkwaju uleule unapinda zaidi hapa Kyela kuliko Mbeya mjini. Basi kisingizio sina.

Mabingwa wa kazi hii ni Wabrazili. Mwaka 1957 Didi aliifunga Peru kwa mkwaju wa namna hii, na Brazili ikaenda Kombe la Dunia la 1958 kule Swideni, ikalichukua. Tarehe 3 Juni 1997, mjini Lyon, Roberto Carlos aliipiga Ufaransa kutoka kama meta 35. Mpira ulikwenda nje kabisa, ukarudi, ukagusa mlingoti, ukaingia. Kipa Barthez alisimama tu akitazama.

Mimi nilianza vibaya. Nilipiga pekupeku, kwa ncha ya kidole. Ukucha wa kidole gumba ukang'oka, na wiki mbili sikuweza kupanda baiskeli kwenda vituoni. Nilipopona nikasimika mianzi mitano, hatua kumi kutoka kwenye mpira, maana sheria inataka ukuta ukae meta 9.15.

Mama mmoja wa darasa la jioni alikuwa akianua mpunga wake karibu. Akachukua daftari, akawa anaandika kijistari kwa kila mpira uliopita mianzi na kurudi. Siku ya kwanza, mikwaju 20, kijistari kimoja. Akaniambia, "Mwalimu, wewe unaangalia goli, mpira huuangalii. Mimi nikipeta naangalia ungo."

Hapo ndipo nilipoanza kupata. Ukitumia mguu wa kulia, njoo kutoka upande, usije moja kwa moja. Mguu wa kushoto ukae kando ya mpira, kama shibiri moja hivi. Piga kwa upande wa ndani wa mguu, karibu na fundo la kidole gumba. Gusa mpira chini kidogo, upande wake wa kulia, siyo katikati. Kisha acha mguu uendelee kupita mbele yako. Mpira utatoka kulia, utarudi kushoto. Lakini uwe umejaa upepo. Ukilowa mvua unakuwa mzito, haufiki. Na chandimu la matambara halipindi vizuri, kwa kuwa si duara kamili.

Baada ya wiki sita vijistari vilikuwa 7 kati ya 20.

Jumapili iliyopita tulirudiana na wale jirani. Walikuwa mbele bao moja. Dakika za mwisho tukapata adhabu ndogo. Vijana wakaimba, "Ukuta! Ukuta!" Nikaangalia mpira tu. Ukapita nje ya mtu wao wa mwisho, ukapinda, ukagonga mlingoti, ukarudi uwanjani. Kijana wetu akausukuma ndani kwa goti. Moja kwa moja.

Sasa yule mama anauliza: huo nao auandikie kijistari, au asiuandikie? Jana tulibishana darasani mpaka taa ikaisha mafuta.