Mchoro Usio na Maneno

(Ngoma inapungua.)

Wasikilizaji wapendwa mlioko Mahama, Kiziba, Kigeme, Nyabiheke na Mugombwa, tunazungumza nanyi kutoka Remera, Kigali.

Hapa Remera, ukitembea kutoka Giporoso kwenda Kisimenti, huenda ukaona imigongo kwenye ukuta wa mgahawa au mapokezi ya hoteli. Ni ubao wenye matuta membamba yaliyopangwa kwa pembetatu, miraba na mistari ya kwenda na kurudi. Rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Humo hakuchorwa mtu wala ng'ombe. Lakini ng'ombe yumo! Matuta yale ni kinyesi chake, hasa cha ndama, kilichochanganywa na majivu ili harufu iondoke. Hulainishwa kwa msasa kikishakauka, ndipo hupakwa rangi. Jina lenyewe halihitaji mkalimani kwetu sisi wa Kiswahili: umugongo ni mgongo.

Kazi hii ilitoka Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme, aliyetaka kupamba kuta za nyumba yake. Baadaye ilishikwa na wanawake, mama akimfundisha binti. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wanawake wa Nyakarambi waliifufua kwa ushirika. Nyakarambi iko wilaya ya Kirehe. Nanyi wa Mahama mko wilaya hiyo hiyo; ni majirani zenu.

Mnunuzi akishika ubao huuliza: "Huu unamaanisha nini?" Wako wauzaji wanaojibu haraka, huu ni amani, ule ni upendo. Mimi jibu hilo silipendi. Kanga ya Mombasa au Zanzibar ina maneno yaliyoandikwa, na jirani akiyasoma anajua kama amesalimiwa au amechomwa. Imigongo haina maandishi. Michoro mingine ina majina ya jadi, lakini jina si barua ya kusomwa. Mazungumzo yake yako kwenye kuitengeneza: wawili wameketi mbele ya ubao mmoja, tuta la huyu linapaswa kwenda sambamba na tuta la yule, na likipinda, mwenzake anaona kabla hajaambiwa.

Ninalisema hili kwa sababu wengi wenu mnasuka vikapu, mnafuma au mnatarizi, na mnunuzi naye huwauliza maana. Wakati mwingine anachotafuta ni habari ya vita na safari yako. Mama, dada, hulazimiki kumuuzia huzuni yako pamoja na kikapu. Ukimwambia, "Hivi ndivyo mama yangu alivyosuka," umemjibu kwa ukweli, na bei ya kikapu inabaki bei ya kazi ya mikono yako.

(Ngoma fupi.)

Kwa vikundi vya kusikiliza: tafuteni mkaa na kipande cha boksi. Kila mmoja achore mistari aliyokuwa akiiona nyumbani, kwenye mkeka, chungu au ukuta. Asieleze. Kwanza jirani yake, hasa wa lugha nyingine, aseme anaona nini na kwao mistari ya namna hiyo huwekwa wapi. Mchoraji azungumze mwisho.