Oganoidi za Sikio la Ndani: Kazi Inayoanzia Wodi ya Wazazi
Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya watoa huduma za afya, Mabatini, Mwanza



Nimeombwa nieleze oganoidi ni nini. Nitapita haraka, maana wengi mnazifahamu. Mwaka 2007 Shinya Yamanaka na wenzake, Japani, waliirudisha seli ya ngozi ya mtu mzima kwenye hali ya seli shina, inayoweza kuwa seli ya aina yoyote mwilini. Mwaka 2013 Karl Koehler na Eri Hashino wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliotesha tishu ya sikio la ndani kwa seli shina za panya. Mwaka 2017 ikafuata ya binadamu. Seli huelekezwa kwa kemikali, hatua kwa hatua, zifuate njia ileile ya mimba tumboni. Baada ya miezi miwili hivi hupatikana vifuko vidogo vyenye seli za vinyweleo; hivyo ndivyo oganoidi. Umuhimu wake ni huu: sikio la ndani limo ndani ya mfupa mgumu, huwezi kulimega kwa mtu aliye hai bila kuliharibu. Koklea moja, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, ina seli za vinyweleo takribani 15,000 tu, na zikifa hazioti tena.

Sasa niseme lililonileta, kwa nafasi yangu binafsi, si kama msimamo wa taasisi.

Mama anafika kliniki ya masikio na mtoto wa miaka minne asiyezungumza. "Daktari, alikuwa anasikia, akaugua homa, wakamchoma sindano." Nafungua kadi ya kliniki: uzito upo, chanjo zote zipo. Kuhusu kusikia, hakuna hata mstari. Alizaliwa hasikii? Ni homa ya uti wa mgongo? Ni gentamaisini aliyopewa akiwa mchanga? Dawa hiyo inaokoa vichanga na siombi iondolewe, lakini inajulikana kuua seli za vinyweleo. Tena wapo wanaorithi kwa mama badiliko dogo kwenye vinasaba vya mitokondria, na dozi ya kawaida inatosha kuwatia uziwi.

Hapa ndipo oganoidi ingetufaa. Kwa damu kidogo ya mtoto huyu, tukiotesha oganoidi ya seli zake, tungeweza kuona kama seli zake hukosea njia zikiwa bado zinajijenga, au hukua salama kisha zikauawa na dawa. Lakini mtoto yupi tumchukue, ikiwa hatujui alizaliwa akisikia au la? Majibu ya Ulaya nayo hayatufai moja kwa moja: mabadiliko ya jini ya GJB2, yanayoongoza kule kwa uziwi wa kurithi, ni nadra kusini mwa Sahara, ukiacha sehemu chache kama kijiji cha Adamorobe, Ghana.

Kipimo cha usikivu kwa vichanga kipo. Kichanga akishanyonya akalala, unamwekea kidude laini sikioni, kinatoa mlio, na koklea yenye afya inarudisha mwangwi. Ni dakika chache, ingawa feni au kelele za wodi huharibu majibu. Tumeomba bajeti mwaka hadi mwaka; tunajibiwa kwamba vifo ndiyo kipaumbele. Nakubali vifo vitangulie. Sikubali kwamba kumpima aliyepona ni anasa.

Napendekeza kila kichanga aliyepewa gentamaisini apimwe kabla ya kuruhusiwa, na apimwe tena kwenye kliniki. Kadi iwekewe mstari wa usikivu. Dozi na siku za sindano ziandikwe humohumo, si kwenye faili linalobaki wodini. Damu ichukuliwe kwa kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na ridhaa ya wazazi, wakielezwa kwa Kiswahili au Kisukuma. Ikipelekwa nje, mkataba useme seli ni za nani na majibu yanarudi kwa nani. Vijana wetu wa maabara wakajifunze kuotesha seli. Na narudia: vichanga wapimwe. Tusisubiri mashine za mkoa mzima. Hospitali ya Bugando na vituo vichache vinavyoipelekea rufaa vinatosha kuanzia, mradi chumba cha kupimia kiwe mbali na leba na fedha za vifaa vya kubadilisha ziingie kwenye bajeti ya kila mwaka.