Andikeni Saa Zao

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wazazi na walezi mliosafiri usiku kuja hapa, na ninyi wahitimu mnaotokwa jasho ndani ya majoho: itifaki imezingatiwa. Vigelegele nimevisikia, ahsanteni, lakini akina mama naomba mbakize vingine, kwa sababu majina yataitwa moja moja na kila mtoto ana haki ya chake.

Mada niliyopewa ni mchango wa vikundi vya wanawake vya kujitolea katika Malengo ya Maendeleo Endelevu. Mada hii ina hotuba yake ya siku zote na wengi wetu tumeshaisikia. Msemaji huyapanga malengo 17, chini ya kila lengo akaweka kikundi cha akina mama, akawasifu, tukapiga makofi, tukaenda kula. Mimi nimekuwa Afisa Maendeleo ya Jamii mpaka nikastaafu, na ninyi mnakikalia kiti hicho hicho nilichokiacha. Kwa hiyo niwie radhi, Mkuu wa Chuo, leo nitazungumza kiofisi. Ninataka wanangu hawa wajue kwamba kazi wanayodhani wanakwenda kuianzisha kijijini ilishaanza zamani, na kwamba muda wa wanaoifanya una bei hata kama hakuna anayeilipa.

Malengo hayo yalipitishwa New York tarehe 25 Septemba 2015, nchi 193 zikiafiki, yakiwa na shabaha 169 za kufikiwa ifikapo 2030. Ukiyasoma yote kwa siku moja kichwa kinauma. Sasa mwulize mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye hajayasoma hata moja, wiki yake ilikwendaje. Jumatatu ilikuwa zamu yake kufagia na kuzibua mfereji pale kisimani. Jumanne alimsindikiza kliniki mjamzito ambaye mumewe yuko safarini. Jumatano mkutano wa hisa. Ijumaa msiba, ambako kikundi kimepeleka sufuria, turubai na wapishi. Hapo maji yameguswa, afya imeguswa, umaskini umeguswa, na shamba lake bado linamsubiri.

Kuna jambo lililotokea kwa majirani zetu Kenya ambalo hunifundisha kitu kila nikilirudia. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka jumba la mikutano la Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa Kamukunji. Wakapanda miti saba kuwaenzi watu saba wa historia ya nchi yao. Ilikuwa sherehe ya heshima. Na miti ile? Mitano ilikufa, ikapona miwili. Mpaka hapo ni habari ya halmashauri yoyote tunayoijua: kiongozi huchimbua shimo lililokwisha kuchimbwa, picha hupigwa, kibao husimikwa, na baada ya miezi mitatu kibao ndicho kinachobaki.

Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Wanawake wa vijijini hawakuwa wakilalamikia mazingira. Walilalamikia kuni zilizokuwa mbali, maji yaliyopungua, na watoto waliokuwa wakidhoofu kwa sababu mama asiye na kuni hupika kile kinachoiva haraka, si kile kinachojenga mwili. Maathai, mwanasayansi mwenye shahada ya uzamivu tangu 1971, alisikiliza malalamiko hayo akayaona yote yanaelekea kwenye mti. Wataalamu wa misitu hawakuamini kwamba mwanamke asiyesoma anaweza kuotesha miche. Wanawake wakaotesha kwa njia zao. Waliokosa vyombo walitumia vipande vya vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Maathai aliwaita maafisa misitu wasio na diploma. Ninyi diploma mnazipata leo; tutaona mtaacha misitu mingapi.

Harakati hiyo, Green Belt Movement, ilikuwa na kanuni moja ambayo watu huitaja kama jambo dogo: kikundi kililipwa kwa kila mche uliopona. Fedha yenyewe ilikuwa kiduchu, kama senti nne za dola ya Marekani kwa mche. Hakuna aliyejenga nyumba kwa fedha hiyo. Lakini angalieni ilivyofanya kazi. Malipo hayakutolewa siku ya kupanda, wakati kamera zipo. Yalitolewa baadaye, mche uliposhika ardhi, kwa hiyo yalimlipa mama kwa ule mwezi wa tatu wa kiangazi alipobeba ndoo kwenda kumwagilia kitu ambacho hakuna mgeni angekuja kukitazama. Kumwagilia kukawa kazi, mbele ya mumewe na mbele ya chifu. Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, miti iliyokwisha kupandwa ilizidi milioni 30. Linganisheni na ile saba ya uwanjani.

Sasa geukeni upande wa fedha, maana huko ndiko mtakakoshinda. Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyoviona kila mtaa, ukiacha upatu wa bibi zetu ambao ni wa zamani zaidi, vina nasaba inayojulikana. Mwaka 1991, mkoani Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake walioitwa Mata Masu Dubara. Mtaji wa nje haukuletwa. Wanawake waliweka akiba yao wenyewe, wakakopeshana wenyewe, na mwisho wa mzunguko wakagawana. Utaratibu huo ulisafiri mpaka kwetu. Zanzibar, watu wa vijiji vilivyo jirani na msitu wa Jozani waliuchukua, na mradi ulipofunga vitabu vyake vikundi viliendelea kuongezeka, vikiwafundisha wenzao. Mimi sijaona miradi mingi inayozaa ikishazikwa.

Mnalijua sanduku lile: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Kila mwanachama ana kijitabu, na hisa hugongwa muhuri mbele ya macho ya wote, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anajua ana ngapi. Upo mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Ipo faini ya kuchelewa, na hailegezwi kwa mtu, hata afisa. Benki ina kompyuta na mlinzi. Hawa wana kumbukumbu na aibu, na siku ya kugawana hesabu hutoka sawa.

Halafu tunakuja sisi. Mnajua kwamba sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri na ninaitetea. Lakini ilizaa pia vikundi vilivyosajiliwa asubuhi ili vikope jioni, vya watu ambao hawajawahi kukaa pamoja hata kwenye msiba. Mikopo mingi haikurudi. Mwaka 2023 Serikali ikaisitisha ili kurekebisha utaratibu, na 2024 ikairejesha. Itapita mikononi mwenu. Kabla hujauliza katiba na akaunti ya benki, uliza kikundi kilifanya nini kabla ya kusikia habari ya mkopo. Ukijibiwa kimya, umeshajibiwa.

Nije kwenye saa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu kujitolea duniani, ya mwaka 2018, ilikadiria kwamba kazi yote ya kujitolea ni sawa na ya watu milioni 109 walioajiriwa siku nzima. Asilimia 70 ya kazi hiyo haipiti katika shirika lolote. Ni mtu kwa mtu, jirani kwa jirani, na wengi wanaoifanya ni wanawake. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani likaeleza kwamba zaidi ya robo tatu ya kazi za malezi na uuguzi zisizo na malipo hufanywa na wanawake. Malengo yenyewe yanalijua hilo. Shabaha ya 5.4 inazitaka nchi zitambue na kuthamini kazi hizo, na kipimo chake ni muda. Nani ametumia saa ngapi.

Lakini chukueni fomu ya taarifa ya robo mwaka. Ina safu ya idadi ya vikundi, idadi ya wanachama, kiasi cha mkopo, kiasi kilichorejeshwa. Safu ya saa haipo. Kwa hiyo mama ametoa siku mbili za palizi kuhudhuria semina yetu ya uwezeshaji, na katika vitabu vyetu siku hizo hazikugharimu kitu. Nimekaa kwenye semina ambako dereva alisaini posho, mtunza ukumbi akasaini posho, na mama aliyeacha shamba akapewa soda na kitabu cha kuandikia. Palizi ikichelewa mahindi hayasubiri, na sisi mwaka unaofuata tunaandika kwamba kata ina upungufu wa chakula.

Najua mhadhiri mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Atasema: ukianza kuwalipa, moyo wa kujitolea utakufa. Hoja hiyo nimeisikia sana, na huwa inatolewa na mtu anayelipwa. Hata hivyo ina ukweli ndani yake, na ni lazima mjue mpaka uko wapi. Wanawake wanapopika msibani, wanapomchangia mwenzao aliyejifungua, wanapoamua wao kupanda mikoko ili samaki warudi, msipeleke karatasi ya posho hapo. Hiyo ni yao, na fedha yenu itawagombanisha. Lakini kazi ambayo Serikali au mradi umeichukua kutoka mezani kwake ukaiweka mgongoni mwa mama, kama kuhesabu wajawazito wa kitongoji, kufuatilia walioacha dawa, au kukusanya ada ya maji na kuhangaika na pampu, hiyo ni ajira iliyovalishwa nguo za kujitolea. Kenya walilikubali hilo kwa upande wa afya: Septemba 2023 walizindua wahudumu wa jamii wapatao 100,000, na posho yao ya mwezi serikali kuu na kaunti zinachangia. Sisi nasi Januari 2024 tulizindua mpango wetu wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Posho ni ndogo, inaweza kuchelewa, lakini kimsingi jambo limekubaliwa.

Kwa hiyo nawaagiza kazi, na si nzito. Mkiripoti vituoni, fomu mtaikuta imeshachapishwa na hakuna atakayewauliza maoni. Chukueni kalamu na rula, pigeni mstari pembeni, mwongeze safu moja: saa. Andikeni kila mkutano ulimchukua mwanachama muda gani, pamoja na kutembea kwenda na kurudi. Ulizeni siku ya mkutano wao ndipo mpange ya kwenu, na msiitishe chochote wakati wa kupanda. Mkurugenzi atauliza safu hii imetoka wapi. Mwambieni imetoka kwenye shabaha ya 5.4, ambayo nchi yake iliafiki.

Mwisho, wazazi, najua njaa inauma. Pilau mnayoisikia harufu yake imepikwa na kikundi cha akina mama wa mtaa huu, na wako jikoni tangu saa kumi alfajiri. Nilipita kuwasalimia. Nikawauliza malipo, wakacheka. Nikamwuliza mhasibu wa chuo, akanijibu kwa adabu kwamba watalipwa mchakato ukikamilika. Mhasibu, nakuona pale safu ya pili, na simu unayo mkononi. Mwenyekiti wao anaitwa kutoka jikoni sasa hivi akupe namba.