Barua Ngapi, Kutoka kwa Nani

Vijana wenzangu, wengi mmeniuliza kwa nini mialiko yetu iliishia kwenye spamu. Nitawaeleza, halafu nina jambo jingine.

Lango la barua pepe tunalotumia ni Proxmox Mail Gateway. Ukiingia kwenye seva ukaandika amri ya pmgsh get /statistics/sender, inakuletea kila mtumaji wa kwetu: katuma barua ngapi, zenye baiti ngapi, ngapi zina virusi. Barua yenyewe husomi. Nikaangalia, kumbe akaunti moja ya wilayani imetuma maelfu usiku mmoja! Nenosiri limeibwa. Tukalibadilisha, yakaisha.

Sasa jambo lenyewe. Kiongozi mmoja, simtaji, akaniambia: “Dada, nitolee basi na majina ya wanaowaandikia waandishi wa habari.” Inawezekana, maana lango linajua pia nani kamwandikia nani. Nikakataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililozikusanya. Zile tulizikusanya kulinda seva, siyo kuviziana. Na sisi ndio tunaopiga kelele simu zetu zikipekuliwa, au siyo?

Alinuna. Nikampa jumla tu, bila majina.

Ila nenosiri la seva ninalo mimi peke yangu, na hilo halinipendezi. Naomba tuwe wawili, na kila anayetoa takwimu aandike kwenye daftari: lini, na kwa sababu gani.