Mali Iliyotolewa Ndiyo Iliyobaki
(Maneno ya mhasibu kwa wanachama, siku ya harambee ya mwaka)



Nimeombwa kama mhasibu niseme machache juu ya kuchangia. Nitawasimulia habari za mtu ambaye jina lake tunalitaja mara nyingi bila kumjua.

Tukisema “Karimjee”, tunafikiria ukumbi ulioko Dar es Salaam, ambako viongozi wetu wengi wameagwa. Jina hilo ni la familia yenye asili ya India, iliyofanya biashara Zanzibar tangu karne ya 19. Baadaye ikaingia kwenye mkonge Tanganyika. Mkonge si zao la kukata na kuuza tu. Majani hupitishwa kwenye korona, mashine ya kuyaponda, ndipo zitoke singa. Na katika kilo 100 za majani hupati hata kilo 5 za singa. Kwa hiyo mwenye shamba alilazimika kuwa mwenye kiwanda pia.

Mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, alikuwa mfanyabiashara na pia Meya wa Dar es Salaam. Ukumbi ule ulikabidhiwa kwa mji mwaka 1955. Baadaye akawa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria, na ndiye aliyekuwa kwenye kiti hicho Tanganyika ilipopata Uhuru, Desemba 1961. Mwaka 1962 akampisha Chifu Adam Sapi Mkwawa. Bunge liliendelea kukutana katika ukumbi ule miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma.

Sasa tazameni hesabu yake. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na ya familia hiyo hayakusalimika. Sisi wahasibu, mali ukiitoa tunaifuta vitabuni siku hiyohiyo. Lakini mashamba yaliyoandikwa vitabuni yaliondoka. Ukumbi uliofutwa ndio unaotajwa hadi leo.

Sisi hatuna mkonge. Tuna kakao, mpunga na mishahara yetu. Naomba mambo mawili tu.

Kwanza, ukumbi ule ulipata mwenyewe anayejulikana. Madarasa tunayojenga nyumbani nayo tuyakabidhi kwa maandishi, na katika kila shilingi 100 tutakazochanga leo tutenge 10 za ukarabati. Mvua za Kyela mnazijua. Bati likivuja halisubiri harambee ijayo.

Pili, ahadi. Ukiandika jina lako kwenye fomu, kamati inakopa saruji dukani kwa kutegemea jina hilo. Usipolipa, ukuta unaishia kwenye lenta, na watoto wanaendelea kubanana. Afadhali elfu 10 iliyo mkononi kuliko laki 5 ya kupigiwa makofi. Mwenye ahadi ya mwaka jana aanze na hiyo, na hakuna atakayemwuliza ilichelewa wapi.

Mweka Hazina yuko pale mezani na kitabu cha stakabadhi. Usiondoke bila yako, hata kama umetoa elfu moja.