Kitabu cha Vipande: Kazi ya Sindano, Uzi na Karatasi Zilizotupwa

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitabu cha vipande, yaani daftari ambalo mtu hulishona mwenyewe kwa karatasi zilizotupwa, kisha huzipamba kurasa zake kwa vipande vya karatasi, vya nguo na kwa uzi. Labda mtu atasema kwamba huu ni mchezo wa watoto. Mimi nami nilidhani hivyo, hata nilipozipoteza barua za babu yangu.

Babu alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani huko Tanga, kama walivyokwenda Wafipa wengi zamani, naye alikuwa akimwandikia bibi barua. Bibi aliziweka barua saba katika mkoba. Nami nilipomaliza masomo ya ualimu niliona aibu, mtu niliyesoma, kuziacha barua zile katika mkoba wenye moshi. Nikanunua daftari zuri, nikapika uji mzito wa unga wa muhogo uwe gundi, nikazibandika barua sita. Ya saba bibi alikataa kunipa. Basi nikalifungia daftari sandukuni. Mvua zilipokwisha nikalifungua, nikaona mende wamekula gundi, na katika kula gundi wamekula na maneno. Lakini ile barua moja, ambayo bibi alikuwa ameishona kwa uzi juu ya kipande cha kaniki, ilikuwa nzima. Bibi hakunicheka. Alisema tu, “Mjukuu wangu, si umewapikia mwenyewe?”

Ndivyo ilivyo. Gundi ya unga ni chakula. Mwaka 1873 Mark Twain, yule mwandishi wa Marekani, alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake wa daftari lenye gundi kavu katika kurasa, ili mtu alowanishe kidogo tu na kubandika. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi, walakini nadhani mende wa Sumbawanga wangalimshukuru sana.

Tena uzi si jambo geni kwetu. Wasafiri wa Ulaya waliopita Ufipa katika karne ya 19 waliwaona wazee wetu wakifuma nguo za pamba kwa kitanda cha mfumi kilicholazwa chini ardhini. Nguo za kununua ziliiua kazi ile, wala sioni kwamba tutairudisha. Illa sindano ingalimo katika kila nyumba.

Sasa nitaeleza namna ya kufanya. Tafuta mfuko mtupu wa saruji. Kung'uta vumbi nje ya nyumba, toa ile karatasi ya ndani ya rangi ya kahawia, ikate sawasawa. Karatasi hiyo ni ngumu, hushika uzi vizuri. Usitumie gazeti kwa kurasa, maana hugeuka manjano na kuvunjika. Litumie kwa mapambo tu. Kunja karatasi sita pamoja katikati. Toboa matundu matatu katika kunjo kwa msharasi: moja katikati, na mawili karibu na ncha. Pitisha uzi katika nta ya nyuki, usije ukajisokota. Anzia ndani: toka kwa tundu la katikati, ingia kwa tundu la juu, ukiwa ndani ruka katikati, toka kwa tundu la chini, kisha rudi ndani kwa katikati. Hapo ncha mbili za uzi zikae huku na huku ya ule uzi mrefu, uzifunge juu yake.

Wengi hukosea hapa. Wakiisha kushona vipande vingi katika kurasa, kitabu hunenepa mbele na kubaki chembamba mgongoni, kikakaa wazi kama kinywa cha mamba wa ziwa Rukwa, wala hakifungiki tena. Dawa yake ni hii: kabla ya kushona, tia katika kunjo, kati ya karatasi na karatasi, vipande vyembamba vilivyokunjwa, upana wa vidole viwili, uvishone pamoja nazo. Hivyo mgongo nao utanenepa.

Katika kupamba, toboa kwanza kwa sindano tupu, ndipo upitishe uzi. Matundu yaachane nusu sentimita au zaidi. Ukiyasonganisha, karatasi itachanika kama stempu ya posta. Kupiga bandi kunatosha. Wanafunzi wangu hupenda kujaza ukurasa wote kwa maua yaliyokatwa katika makaratasi ya sabuni. Siwakatazi, lakini mimi napenda zaidi pindo la kanga ya mama, stempu, au stakabadhi ya mahindi yaliyouzwa, na nafasi ya kuandika siku na mwaka. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino huenea ukipata unyevu, penseli haienei.

Nami nimevitoa vile vipande vilivyoachwa na mende, nikavishona juu ya karatasi ya saruji, kila kimoja mahali pake pa kwanza. Palipoliwa nimepitisha mistari ya uzi mweusi, urefu wa mistari iliyopotea. Nikaenda kwa bibi nikamsomea yaliyosalia. Nilipofika penye uzi nikanyamaza, naye akaendelea yeye, neno kwa neno, kwa kuwa alisomewa barua zile mara nyingi akiwa kijana. Ninaandika kwa penseli kandokando ya uzi. Tumemaliza mbili. Katika ya tatu kuna mstari mmoja ambao anaukumbuka na hataki kuusema, amecheka tu akajifunika uso. Jumamosi nitakwenda kwake tena.